LDL yangu iko sawa lakini kaka amefariki kwa moyo: je, nilipie kipimo cha ApoB?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa kike wa sekondari wilayani Kongwa, nina miaka 46. Miezi miwili iliyopita kaka yangu, tumbo moja, alifariki ghafla akiwa na miaka 49, tukaambiwa ni mshtuko wa moyo. Siku chache baada ya kumaliza msiba nikaenda kupima. Majibu yangu: kolesteroli yote 4.9, HDL 0.8, trigliseridi 3.1, LDL 2.7. Sukari asubuhi kabla ya kula 6.6. Presha 146/92. Aliyenisomea majibu alisema LDL iko ndani ya kiwango, kwa hiyo mafuta hayana shida, nipunguze mawazo. Mdogo wangu aliyeko Dar anasema LDL peke yake haitoshi, nipime kitu kinaitwa ApoB na kingine Lp(a). Maabara niliyouliza Dodoma mjini wanasema wanachukua damu na kuisafirisha, gharama yake si ndogo na bima yangu haigharamii. Sivuti sigara, situmii pombe. Nimeacha kabisa kupikia mafuta, na kila asubuhi nakunywa maji ya limau na kitunguu saumu. Naomba unishauri: nilipie hivyo vipimo au ndiyo naibiwa?"

Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa msiba. Kufiwa na kaka wa miaka 49 ni pigo zito, na wengi wakitoka makaburini hujiuliza zamu yao ni lini. Ulifanya vizuri kwenda kupima. Na una haki ya kutotulia baada ya kuambiwa LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, iko sawa, maana karatasi yako inasema mambo mengi kuliko mstari huo mmoja.

Nianze na unachotaka kujua. Huibiwi. ApoB, kipimo cha protini inayobeba mafuta kwenye damu, ni kipimo cha kweli, kimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, na wewe ni miongoni mwa watu ambao kinaweza kuwasaidia. Lakini usikilipie wiki hii. Kuna hesabu ya bure unayoweza kuifanya kwa kalamu nyuma ya karatasi hiyo hiyo ya majibu, na kuna namba mbili ulizonitajia, presha na sukari, ambazo hazipaswi kusubiri ApoB.

Tuisome karatasi pamoja. Watu wengi hudhani LDL iliyoandikwa pale imepimwa na mashine. Mara nyingi haikupimwa, imepigiwa hesabu. Mashine hupima kolesteroli yote, HDL (ile inayoitwa kolesteroli nzuri) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu). LDL hupatikana kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 1972 na William Friedewald na wenzake huko Marekani. Unachukua kolesteroli yote, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwako ni 4.9 kutoa 0.8, inabaki 4.1. Trigliseridi 3.1 ukizigawa kwa 2.2 unapata 1.4. Toa hiyo nayo, inabaki 2.7. Ndiyo LDL uliyoandikiwa. Kanuni hii inakwenda vizuri trigliseridi zikiwa chini. Zikipanda inaanza kuyumba, na zikipita 4.5 haifai kutumika. Zako hazijafika huko, ila 3.1 si ya kuipita kimya: tunapenda zibaki chini ya 1.7. (Ukiona karatasi ya mwenzako ina namba kama 190 au 105, usishtuke. Maabara hiyo inatumia miligramu, yako inatumia milimoli. Kolesteroli ya 1 kwenye karatasi yako ni sawa na kama 38.7 kwenye karatasi yake.)

Sasa LDL inawezaje kuonekana nzuri wakati hali si nzuri? Kolesteroli ni jamii ya mafuta, na mafuta hayachanganyiki na damu. Kwa hiyo ini huifungasha ndani ya vichembe vidogo sana vilivyoshikizwa na protini, na hivyo ndivyo vinavyosafiri mwilini. Wewe uko Kongwa, soko la mahindi la Kibaigwa unalijua. LDL inakuambia ni magunia mangapi yametoka sokoni. Haikuambii yametoka kwa magari mangapi. Magunia yale yale yanaweza kubebwa na semi chache zilizojaa, au na kanta nyingi zenye mzigo nusu nusu, na kwenye mishipa ya moyo kinacholeta madhara zaidi ni wingi wa magari. ApoB ni kama kibao cha namba: kila kichembe chenye uwezo wa kuchafua mshipa, kiwe kikubwa au kidogo, kimejaa au hakijajaa, kina molekuli moja tu ya ApoB. Ukihesabu ApoB umehesabu vichembe vyote hivyo: vya LDL, vya trigliseridi vinavyotoka kwenye ini, hata vya Lp(a) aliyokutajia mdogo wako. Vya HDL havimo, kwa sababu havina ApoB.

Wingi wa vichembe una madhara kwa sababu ya kinachotokea kwenye ukuta wa mshipa. Vichembe hivi huingia na kutoka kwenye tabaka la ndani la ukuta mchana na usiku. Vingi hutoka salama. Baadhi hunasa, maana protini ile ya ApoB ina sehemu zinazoshikana na nyuzi za ukutani. Kikishanasa huharibika, seli za kinga huja kukimeza, hujaa mafuta na kufia humo humo. Miaka ikipita, mahali hapo panaota kivimbe cha mafuta chenye ganda juu yake. Mshtuko wa moyo mara nyingi hauji kwa kivimbe kukua polepole mpaka kikaziba njia. Huja siku ganda linapopasuka, damu ikaganda hapo, na mshipa ukaziba ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu mtu aliyeonekana mzima jioni anaweza asiamke asubuhi, na ndugu wakabaki wakitafuta mchawi.

Kwamba hili ni suala la miaka mingi tuna ushahidi mzuri, tena uliotoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya Wamarekani weusi waliofuatiliwa kwa miaka 15. Asilimia 2.6 kati yao walizaliwa na mabadiliko kwenye jeni iitwayo PCSK9, yanayofanya ini liondoe LDL kwenye damu kwa kasi zaidi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Nafuu ya kiasi tu, ila wamekaa nayo tangu kuzaliwa. Kwa hiyo yeyote anayekuambia mafuta kwenye damu ni ugonjwa wa Wazungu, usimsikilize.

Turudi kwako. Trigliseridi zikiwa juu, kuna kubadilishana mizigo kunakoendelea ndani ya damu: vichembe vyenye trigliseridi nyingi huzigawa kwa LDL na HDL, na huchukua kolesteroli kutoka kwao. LDL iliyopokea trigliseridi hupunguzwa na kimeng'enya cha ini, inabaki ndogo na yenye kolesteroli haba. HDL hupitia hayo hayo na kuondolewa mapema kwenye damu. Yako ni 0.8, wakati kwa mwanamke tunapenda ifike 1.3. Maana yake, LDL 2.7 yako inaweza kuwa imetawanywa kwenye vichembe vingi zaidi kuliko LDL 2.7 ya mwalimu mwenzako mwenye trigliseridi 1.0. Kinachoendesha haya yote, mara nyingi, ni mwili kutoitikia insulini vizuri, na dalili zake ni hizo ulizoniandikia: sukari imepanda kidogo, presha juu, HDL chini, trigliseridi juu. Hukunitajia kiuno. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi na si juu ya khanga, pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Kwa mwanamke, sentimita 80 kwenda juu tunakihesabu kiuno kuwa kimezidi.

Hesabu ya bure ndiyo hii: kolesteroli yote, toa HDL, basi. Kwako ni 4.1. Inaitwa kolesteroli isiyo ya HDL, na inajumlisha kolesteroli iliyomo kwenye vichembe vyote vyenye ApoB. Haidai ufunge kula, na haiyumbi trigliseridi zikipanda kama inavyoyumba LDL. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka iwe chini ya 3.4 kwa mtu mwenye hatari ya wastani, chini ya 2.6 kwa mwenye hatari kubwa, na chini ya 2.2 kwa mwenye hatari kubwa sana. 4.1 yako imepita hata ile ya wastani. Bila kutoa shilingi, tayari tumeona kwamba "mafuta hayana shida" si kauli sahihi kwako. Natamani kila maabara mkoani hapa iandike mstari huo kwenye majibu. Ni kutoa mara moja tu, na ungewapa wagonjwa wengi taarifa ambayo tayari wameilipia.

ApoB inaongeza nini juu ya hapo? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliounganisha tafiti 12 zenye watu zaidi ya 233,000, ulikuta kwamba kwa ongezeko linalolingana la kila kipimo, hatari ilipanda kwa asilimia 43 kwa ApoB, 34 kwa kolesteroli isiyo ya HDL, na 25 kwa LDL. ApoB ilishinda. Mwaka uliofuata uchambuzi mwingine mkubwa, wa watu zaidi ya 165,000, ulionyesha kuwa ukishajua umri wa mtu, jinsia, presha, sigara, kisukari na kolesteroli ya kawaida, kuongeza vipimo kama ApoB kunaboresha utabiri kidogo tu. Matokeo haya mawili hayagombani. Kwa watu wengi LDL, kolesteroli isiyo ya HDL na ApoB husema jambo lile lile, na kwao ApoB ni gharama tupu. Faida iko kwa wachache ambao namba zao zinapingana: wenye trigliseridi za juu, wenye kisukari, wenye kiuno kikubwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2018 unataja trigliseridi za 2.3 na kuendelea kuwa sababu ya kufikiria ApoB. Zako ni 3.1, kwa hiyo mdogo wako hakukosea.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikutulize haraka. Tunapokadiria hatari ya moyo na kiharusi, tuna jedwali la rangi la Shirika la Afya Duniani lililotolewa mwaka 2019, lenye kurasa za ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Unaingiza umri, jinsia, sigara, presha ya juu, kisukari na kolesteroli yote, unapata asilimia ya hatari kwa miaka 10 ijayo. Ni jedwali zuri, nami nalitumia. Lakini kwa mwanamke wa miaka 46 asiyevuta sigara huelekea kuangukia kwenye kijani, chini ya asilimia 5, kwa sababu umri ndio unaobeba uzito mkubwa. Jedwali halijui kwamba kaka amefariki akiwa na miaka 49. Haliioni HDL ya 0.8 wala trigliseridi 3.1. Kwa wataalamu, ndugu wa damu wa karibu aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55 kwa mwanamume, au kabla ya 65 kwa mwanamke, ni alama ya hatari ya kuhesabiwa peke yake. Mtu kama wewe ndiye anayekaa kwenye kijani huku mambo mengine yakimvuta kwenda kwenye njano, na hapo ndipo kipimo cha ziada kinapokuwa na kazi.

Kabla ya kukilipia, rudia presha. 146/92 ya siku moja, umetoka Kongwa kwa basi, umekaa kwenye foleni, una majonzi, haitoshi kukupa jina la mgonjwa. Lakini haitoshi pia kupuuzwa. Nenda zahanati au kituo cha afya cha karibu, kaa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu haikukunjwa, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda wa mashine uvaliwe kwenye ngozi, siyo juu ya sweta. Wapime mara mbili, uandike. Fanya hivyo siku tofauti. Ikiendelea kuwa 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kutibiwa. Kwa uzoefu wangu wa Dodoma, wodi zetu za kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi zimejaa watu wa presha isiyotibiwa kuliko watu wa kolesteroli. Ukiwa na fedha ya jambo moja tu, iwe dawa za presha.

Sukari ya 6.6 haijafika kiwango cha kisukari, ambacho ni 7.0 kabla ya kula, lakini si ya kawaida. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Ikija asilimia 6.5 au zaidi na kuthibitishwa, una kisukari, na hapo mambo yanabadilika: mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza apewe statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Katika hali hiyo ApoB haitakiwi ili kuamua uanze dawa au la. Fedha yake ingefaa zaidi kununulia dawa yenyewe.

Rudia na mafuta pia, safari hii ukiwa umefunga kula kwa muda wa saa 10 hadi 12, wiki kadhaa kutoka sasa. Trigliseridi hupanda na kushuka sana siku hadi siku, na wewe ulipima ukiwa umetoka msibani, siku za kulala vibaya na kushindia wali na chai ya sukari nyingi. Siku hiyo hiyo waombe wapime figo na tezi ya shingo, kwa sababu figo zikidhoofika au tezi ikilegea, mafuta hupanda bila kosa la chakula. Umwambie daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za pumu au za ngozi zenye steroidi, na dawa za kufubaza virusi kama unatumia. Baadhi yake hupandisha trigliseridi.

Baada ya hapo, kama HbA1c haionyeshi kisukari na trigliseridi bado ziko juu, mimi ningekushauri ulipie ApoB mara moja. Huhitaji kufunga kula. Maabara nyingine huandika kwa gramu, nyingine kwa miligramu, 1.0 ya huku ni 100 ya kule. Ikija chini ya 0.9, nitapumua, na kazi yetu itakuwa presha, sukari na kiuno, kisha tuangalie tena baada ya mwaka. Ikija 1.3 au zaidi, mwongozo wa Marekani unaihesabu kuwa alama ya kuongeza hatari, na kwa historia ya kaka ningekuandikia statini. Ikija katikati, madaktari wawili wanaweza kutofautiana. Mimi, nikitazama presha yako na umri aliofariki kaka, ningeegemea upande wa dawa, lakini ningetaka tuzungumze ana kwa ana na uamuzi uwe wako. Na kama fedha haipo, usikope. Kolesteroli isiyo ya HDL inatosha kufanyia uamuzi wa busara.

Lp(a) ni habari tofauti kidogo. Iligunduliwa mwaka 1963 na Kåre Berg wa Norway. Ni kichembe kinachofanana na LDL, kimeongezewa protini nyingine, na kiwango chake unarithi kwa wazazi kwa sehemu kubwa sana. Chakula hakikibadilishi kwa kiasi cha maana, mazoezi hayakibadilishi, na statini haikishushi. Ndiyo maana kinapimwa mara moja maishani, na kwa familia yenye kifo kama chenu nakipa nafasi mbele kuliko kwa mtu mwingine. Ila uwe tayari na majibu yake. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana Lp(a) ya juu kuliko Wazungu, kwa hiyo usishangae ukikuta imepita mstari. Mstari unaotumika sana ni miligramu 50, au nanomoli 125. Chini ya 30, au nanomoli 75, hakuna wasiwasi. Vipimo hivyo viwili usijaribu kuvibadilisha kwa kuzidisha, maana vichembe vya Lp(a) hutofautiana uzito mtu na mtu. Ikiwa juu haina maana kwamba umehukumiwa. Ina maana tunakaza zaidi yale tunayoweza kuyagusa: presha ishuke ipasavyo, LDL na ApoB zishushwe zaidi, sukari idhibitiwe. Dawa zinazolenga Lp(a) yenyewe zimekuwa kwenye majaribio makubwa, lakini kwa sasa sina ya kukuandikia.

Kuhusu chakula, naomba uyarudishe mafuta ya kupikia jikoni, kwa kipimo cha kijiko na si cha kumimina. Mafuta ya alizeti ya huku kwetu Dodoma na Singida hayana kolesteroli, kama ilivyo kwa mafuta yoyote ya mimea, na kwa LDL ni bora kuliko samli, mafuta ya mnyama au mawese. Yanaharibika yanapochemshwa mara nyingi, kama yale meusi ya kwenye karai la chipsi. Trigliseridi zako hazisukumwi sana na kijiko cha alizeti kwenye mlenda. Zinasukumwa zaidi na sukari na wanga wa ziada: soda, juisi za paketi, vijiko vitatu vya sukari kwenye kila kikombe cha chai ya ofisini, mandazi ya saa nne, mlima wa ugali wa sembe saa tatu usiku kisha kulala. Punguza ugali uwe theluthi au nusu ya ule unaokula sasa, ukiweza uwe wa mtama au uwele usiokobolewa. Ongeza mlenda, mchicha, maharage, kunde, karanga kiasi, samaki. Chumvi ipungue kwa ajili ya presha. Tembea kwa mwendo wa kukuharakisha pumzi, dakika 30, siku nyingi za wiki. Ukipunguza kilo chache tu, trigliseridi huwa za kwanza kuitikia. Maji ya limau na kitunguu saumu hayayeyushi mafuta kwenye mishipa. Kama tumbo lako halilalamiki, kunywa, ila usiyahesabu kama matibabu na usiache dawa kwa ajili yake.

Nimesikia hofu nyingi kuhusu statini, na naona niziguse kabla hujazisikia kwa jirani. Inaweza kuleta maumivu ya misuli kwa baadhi ya watu. Ukiyapata mwambie daktari, dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Inaweza kupandisha sukari kidogo, na kwa mwenye 6.6 tunaifuatilia. Kuharibu ini kwa kiwango cha hatari ni nadra sana. Usiitumie ukiwa mjamzito au ukipanga kubeba ujauzito, na kwa miaka 46 swali hilo bado ni la kuulizwa. Haina uraibu. Inatumiwa kwa muda mrefu kwa sababu ini linaendelea kutengeneza kolesteroli kila siku.

Kuna wakati huruhusiwi kusubiri miadi wala majibu ya maabara. Kifua kikibana au kuelemewa kwa zaidi ya dakika kadhaa, maumivu yakienda mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, jasho jembamba, pumzi kukata, kichefuchefu na uchovu wa ghafla usioelezeka: nenda hospitali muda huo huo, na useme wazi kwamba kaka yako alifariki kwa moyo, ili upimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, bila kuchelewa. Wanawake wengi wenye dalili hizi hudhani ni vidonda vya tumbo, wakatafuna dawa za asidi mpaka asubuhi. Kama huna mzio wa aspirini wala historia ya kutokwa damu, tafuna ya miligramu 300 ukiwa njiani. Hospitali ya wilaya Kongwa inaweza kuanza huduma na kukupa rufaa kwenda Dodoma. Mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kutotoka vizuri, hizo ni za kiharusi na mwendo ni ule ule.

Kama huna dalili hizo, panga kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani au wa moyo ndani ya mwezi huu, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa. Beba karatasi hii ya majibu, daftari la presha ulizopima siku tofauti, kipimo cha kiuno, na majina ya dawa unazotumia. Na uwaambie ndugu zako wa tumbo moja, pamoja na watoto wa marehemu waliokwisha kuwa watu wazima, wapime presha, sukari na mafuta. Wakipata majibu yao, wafundishe ile hesabu ya kutoa HDL.